Tamko la wakunga na wauguzi wa Nanyamba kuhusu uvimbe adimu wa viungo vya uzazi

Sisi wakunga na wauguzi wa Halmashauri ya Mji Nanyamba, kupitia chama chetu, tunatamka hadharani kwamba uvimbe wowote unaotolewa kwenye viungo vya uzazi vya mwanamke upelekwe maabara ya patholojia. Mgonjwa asiambiwe ana saratani, wala asiambiwe hana, kabla majibu hayajarudi.

Fibroidi kila mtu amezisikia. Tunazungumzia zile aina zinazoonekana kwa nadra. Upo uvimbe wa ovari uitwao fibroma, ambao mara chache huja pamoja na maji tumboni na kifuani. Mama anafika kituoni tumbo limejaa, anahema juu juu, hawezi kulala chali. Wanaomwona husema ni saratani iliyokwisha kusambaa, au kifua kikuu, au karogwa. Na kipimo cha damu cha CA-125, kinachotumika kufuatilia saratani ya ovari, kinaweza kupanda kikazidisha hofu. Lakini Daktari Joe Meigs wa Marekani na mwenzake Cass walishaandika mwaka 1937 kwamba uvimbe huo ukitolewa, maji nayo huisha. Mwanamke wa namna hiyo akirudishwa nyumbani kusubiri kifo, amepotea bure, na sisi hatukubali.

Mwingine ni angiomiksoma, uliotambuliwa rasmi mwaka 1983. Huota ukeni, kwenye mashavu ya uke au ndani ya nyonga. Ni laini na mara nyingi hauumi, kwa hiyo hudhaniwa jipu la tezi ya Bartholini au ngiri. Mhudumu akiupasua hapati usaha. Hapo asimame, aandike rufaa, asiendelee kuchimba, maana uvimbe huu huwa umezama ndani kuliko unavyoonekana nje. Kusambaa mwilini ni nadra sana, ila hurudi palepale, pengine baada ya miaka mingi. Kidonda kupona si mwisho wa kliniki.

Kwa wenzetu wa vyumba vya upasuaji: kinyama kiwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, isiyopungua mara kumi ya ukubwa wa kinyama chenyewe, katika chombo chenye mdomo mpana. Jina la mgonjwa liandikwe ubavuni mwa chombo, kwani vifuniko hubadilishana. Kinyama kilichosafirishwa kwenye maji matupu huoza njiani, na mgonjwa hawezi kukatwa mara ya pili ili kurekebisha uzembe.

Mama zetu makungwi tunawaomba wamfundishe mwali kwamba uvimbe sehemu za siri si alama ya uzinzi, na hauna sababu ya kufichwa. Tunajua wengi husubiri korosho zipite mnadani ndipo waende hospitali. Hatuwalaumu. Nauli, vipimo na mtu wa kuachiwa watoto vyote vinataka fedha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Ligula ipo, na ile ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ipo. Safari haianzii Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa hiyo tunaitaka serikali, katika kutekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, ihakikishe kitita cha mafao kinalipia kipimo cha kinyama pamoja na usafirishaji wake. Na majibu yatumwe kwa maandishi kwenye zahanati alikotoka mgonjwa, ili mhudumu anayemfahamu amwite na kumsomea akiwa ameketi na ndugu yake.