Fedha za Uchaguzi ni Deni la Nani?

Kampeni ina gharama. Magari hutaka mafuta, mabango huchapwa, vipaza sauti hukodiwa, na mawakala wa vituoni hawawezi kushinda na njaa. Kwa hiyo si haki kumlaumu mgombea kwa sababu tu ametumia fedha. Lililo haki ni kumwuliza: fedha hizi umepewa na nani, naye anangoja nini?

Tuitazame Huruma, wadi moja ya jimbo la Mathare, Nairobi. Katika mitaa kama hii msimu wa uchaguzi huja na fulana, unga na noti zilizokunjwa. Mpokeaji hujitetea kwamba mkono mtupu haulambwi. Asahau kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa! Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 yawatia hatiani wote wawili, mtoa hongo na mpokeaji. Lakini hata mgombea asiyehonga aweza kuwa mdeni. Tajiri aliyemfadhili kwa siri hatadai shilingi zake. Atadai zabuni, kibali, au jicho lifumbwe. Mlipaji wa mwisho ni mwenyeji wa mtaa.

Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, likaua watu wapatao 50. Wakuu wa serikali walieleza kwamba lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Sisemi kwamba fedha za kampeni ndizo zilizoliangusha. Nasema kwamba mahali ambapo amri ya kubomoa ikicheleweshwa watu hufa, mpiga kura ana haki ya kujua kama kiongozi wake ana deni kwa wenye majengo.

Je, hatuna sheria? Tunayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 88, yaipa Tume ya Uchaguzi kazi ya kudhibiti fedha za kampeni. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ya mwaka 2013 yamtaka mgombea awe na kamati ya matumizi na akaunti maalumu ya benki, na aeleze fedha alizopokea. Mchango wa mtu mmoja usizidi asilimia 20 ya michango yote. Maneno mazuri! Lakini Bunge lililoitunga ndilo lililoisimamisha isitumike katika uchaguzi wa 2017. Mwaka 2021 Tume ilitangaza viwango vya juu vya matumizi, kama shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea wa urais. Bunge la Taifa likavifuta mwaka huo huo, kwa hoja kwamba kanuni hazijaidhinishwa. Uchaguzi wa 2022 ukafanywa pasipo kikomo. Mchezaji akishika filimbi ya mwamuzi, ni nani atakayempigia faulo?

Wako wasemao kwamba kutaja wafadhili kutawaletea kisasi kutoka kwa walioshinda. Hofu hiyo ina dawa. Marekani, kamati za siasa zinazochangia wagombea hutakiwa kuwataja wale waliotoa zaidi ya dola 200 kwa mwaka; mchangaji mdogo huachwa na amani yake. Nako si peponi: tangu hukumu ya mahakama kuu ya mwaka 2010, fedha nyingi hupita katika vyama visivyotaja wenye mali. Funzo ni kwamba mlango ulioachwa wazi kidogo hupitisha tembo, wala si kwamba nyumba isiwe na mlango.

Ewe kijana, karibu utafikia miaka 18 na kupiga kura. Mgombea akija mtaani kwenu, usimwulize amekuletea nini. Mwulize ametumwa na nani, umtake akuonyeshe hesabu. Akikataa, mnyime kura yako, maana anayeficha mdai wake amekwisha kukuweka wewe rehani.