Mashine ya Kupima Ardhi Isiachwe Ijisemee

Tangu mji wa Babati ulipofanywa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, mpima ardhi amekuwa mgeni wa kila siku. Palipokuwa na mahindi na mbaazi pamesimama nyumba za watumishi, maduka na shule. Na penye ujenzi hapakosi mtu aliyesimamisha chombo cha miguu mitatu kando ya njia, amefumba jicho moja, huku wananchi wakimtazama kwa matumaini yaliyochanganyika na wasiwasi. Matumaini, kwa kuwa kiwanja kilichopimwa kina ramani, na chenye ramani huweza kupata hati. Wasiwasi, kwa kuwa mara nyingi kipimo cha leo hakilingani na cha jana.

Hilo la pili ndilo linalostahili kusemwa waziwazi. Malalamiko ya namna hii ni ya nchi nzima, wala si ya Babati peke yake. Shamba moja hupimwa mara mbili kwa mitambo miwili, likatoa ukubwa wa namna mbili. Bikoni iliyochimbiwa na mpima wa kwanza huonekana katika mtambo wa mpima wa pili kuwa imo uwanjani kwa jirani. Mwalimu aliyenunua kiwanja kwa akiba ya miaka mingi huambiwa kwamba ukuta wake umeingia barabarani. Akiuliza sababu, hujibiwa kwa maneno machache: "Mashine ndivyo inavyosema." Jibu hilo si jibu. Mashine haisemi lolote ila lile iliyoelekezwa kulisema, na aliyeielekeza ni mtumishi wa umma au mpima binafsi mwenye leseni, ambaye wajibu wake ni kueleza.

Asitokee mtu akadhani kwamba dawa ni kurudi kwenye mnyororo. Mnyororo wa futi 66, uliobuniwa na Mwingereza Edmund Gunter mwaka 1620, ndio uliotupa hata hesabu ya ekari, kwa maana ekari moja ni minyororo kumi ya mraba. Ulifanya kazi kubwa, lakini ulilegea, ulivutika, ulinasa vichakani, na kazi ya siku mbili za leo iliweza kuchukua wiki kadhaa. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo mitambo ya kisasa haina: kasoro yake ilionekana kwa macho. Pingu ikipinda, kijana aliyeshika ncha aliiona. Mkulima aliyesimama kando naye aliiona, akapinga palepale, kabla kigingi hakijapigwa.

Mtambo wa kisasa huficha kasoro yake nyuma ya namba safi. Kipokezi cha GPS kinachoshikwa mkononi, ambacho kimezoeleka sana vijijini, kinaweza kukosea kwa mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na zaidi ya hapo chini ya miti. Kwa shamba la hekta 50 kosa hilo huenda likavumilika. Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 ni chumba kizima cha nyumba. Wapima wenye uwezo zaidi hutumia vipokezi viwili vinavyowasiliana, kimoja kikikaa juu ya alama inayojulikana na kingine kikitembezwa, na kwa njia hiyo hufikia usahihi wa sentimita chache. Lakini mawasiliano kati ya viwili hivyo yakikatika, kwa mfano nyuma ya mabega ya Mlima Kwaraa, kile kinachotembezwa huanza kukisia. Hakizimiki wala hakipigi kelele. Huonyesha alama ndogo tu kwenye kioo, na mpima mwenye haraka ya kumaliza viwanja 40 kabla ya jua kuchwa anaweza asiitazame.

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote haimo hata ndani ya chombo. Ramani za upimaji za Tanzania kwa miongo mingi zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, unaofuata umbo la dunia lililokokotolewa na Clarke mwaka 1880. Setilaiti za GPS hutumia msingi mwingine, WGS 84. Kwa hiyo mahali palepale pana koodineti mbili, na tofauti kati yake katika sehemu zetu hizi ni takriban mita 300. Baadaye nchi ikatayarisha msingi mpya, TAREF11, unaokwenda sambamba na setilaiti. Lakini ramani za zamani hazikufutika, na hati zilizotokana nazo bado ni halali. Mpima akichukua namba kutoka ramani ya zamani na kuzitia katika chombo kipya bila kuzigeuza, chombo kitampeleka kwa utiifu mkubwa mahali pasipohusika. Mjini Babati, ambako ziwa liko jirani na makazi, kosa la mita 300 linaweza kumtoa mtu kiwanjani mwake na kumwacha miongoni mwa viboko.

Kosa kubwa kiasi hicho walau hujifichua lenyewe. Yanayodhuru zaidi ni madogo, na hapa Babati ina tatizo lake ambalo watumishi wengi hawajaelezwa. Mfumo wa ramani uitwao UTM huigawa dunia katika kanda zenye upana wa nyuzi sita. Mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, na mstari huo unapita umbali usiofika kilomita 30 mashariki ya mji, upande wa Tarangire. Mpima atokaye Babati kwenda Kibaya, makao makuu ya Wilaya ya Kiteto, huivuka kanda bila kuona dalili yoyote njiani. Asipokiambia chombo, namba zake zote huharibika.

Isitoshe, ukingoni mwa kanda ramani hiyo huinyoosha ardhi. Kwa mahali ilipo Babati, mita 1,000 zilizopimwa kwa utepe juu ya udongo husomeka katika hesabu ya koodineti kuwa mita 1,000 na nusu. Chukua eneo la shule lenye urefu wa mita 400. Mwalimu mkuu anayelipima kwa utepe na mpima anayelikokotoa kwa koodineti watatofautiana kwa sentimita 20 hivi, na wote wawili watakuwa sahihi. Hakuna aliyeiba wala aliyehongwa. Lakini kwa kuwa hakuna aliyeeleza, jirani wa shule atasadiki kwamba ameibiwa, na mwalimu mkuu atasadiki kwamba mpima amehongwa. Ugomvi wa namna hiyo huzaliwa na ukimya wa wataalamu.

Mtambo unaopima umbali kwa mwanga, ambao wapima huuita totali stesheni, nao una masharti yake. Mwanga husafiri tofauti kidogo katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mtambo uliorekebishwa kwa hewa ya Dar es Salaam na kutumiwa huku bila kubadilishwa hukosea kwa takriban sentimita 3 hadi 4 katika kila kilomita. Prizimu ya kiwanda kimoja ikitumiwa na mtambo wa kiwanda kingine, huongezeka au hupungua sentimita nyingine 3 kwa kila kipimo, kirefu au kifupi. Hata jua lina sehemu yake. Dhoruba ya jua ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilivuruga GPS za matrekta katika mashamba ya Marekani, na katika nchi za ukanda wa ikweta mawimbi ya setilaiti huyumba hasa baada ya jua kuchwa, zaidi katika miezi ya Machi na Septemba.

Haya yote yamo katika mafunzo. Chuo Kikuu cha Ardhi na vyuo vya ardhi vya Tabora na Morogoro huyafundisha, na wapima wengi wanayajua vizuri. Kinachokosekana ni nafasi ya kuyatekeleza. Mpima hupewa mtambo bila fungu la kuupeleka kukaguliwa, betri iliyochoka bila ya akiba, na programu ambayo muda wake wa leseni umekwisha. Kisha hupimwa utendaji wake kwa idadi ya viwanja. Mnyororo ulipokatika, mhunzi wa kijijini aliuunga. Mtambo huu ukiharibika fundi yuko mbali, na pengine kipuri chake kiko ng'ambo. Ni vema ikumbukwe kwamba GPS yenyewe ni mali ya jeshi la Marekani, ambalo hadi Mei 2000 liliitia kosa kwa makusudi ili raia wasipate usahihi wake kamili. Leo mifumo iko minne, ukiwemo wa Urusi, wa Ulaya na wa China, na vipokezi vizuri husikiliza yote. Hata hivyo, nchi isiyomiliki hata mmoja kati ya hiyo minne haina udhuru wa kutotunza kile inachokimiliki kikamilifu, yaani alama zake za msingi zilizochimbiwa ardhini.

Na alama hizo hazitunzwi. Bikoni hung'olewa na greda la barabara, hufukiwa na tope, au nondo yake hukatwa ikauzwa kama chuma chakavu. Ikipotea alama ya msingi, mpima anayefuata huanzia kwenye alama ya mbali zaidi, au huanzia angani, na hapo ndipo vipimo viwili vya shamba moja vinapozaliwa. Kisha lawama huangukia mashine.

Babati yenyewe imekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Katika miaka ya 1980 Serikali ilianza kupima mipaka ya msitu wa miyombo wa Duru-Haitemba, kusini magharibi ya mji, kwa nia ya kuufanya hifadhi ya Serikali. Vijiji vinavyouzunguka vilikataa, na watu waliohofia kunyang'anywa waliukata msitu kwa haraka zaidi kuliko awali. Kuanzia mwaka 1994 mkondo ukabadilika: vijiji vinane vikakabidhiwa ulinzi wa msitu, wazee na vijana wakaitembea mipaka kwa miguu, wakakubaliana na majirani zao kilima kwa kilima, wakaweka sheria ndogo na walinzi wao. Mipaka hiyo ilisimama kwa sababu waliokuwa pande zote mbili waliijua. Kama kipimo cha mtambo kingetangulia maelewano hayo, kingekuwa karatasi ya kugombania. Kikija baada yake, huwa kumbukumbu ya kile ambacho watu wamekwisha kukubaliana.

Jambo hili ni la haraka kuliko linavyoonekana. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, na tangu mwaka 2022 nchi inatekeleza mradi wa kuimarisha usalama wa milki za ardhi kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150. Hati zinatolewa kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Shamba lisilo na hati likiwa na mpaka wa minyaa unaotambuliwa na jirani lina ulinzi fulani. Shamba lenye hati ya koodineti mbovu halina. Mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba karatasi ina uzito kuliko minyaa, na mjane asiyejua kusoma koodineti hana la kuipinga.

Kwa hiyo hapana budi halmashauri zitenge fungu la kukagua mitambo kila mwaka, nalo lisiguswe kwa safari za semina. Kila ramani inayopelekwa kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani iambatane na maelezo mafupi kwa Kiswahili chepesi: chombo gani kilitumika, alama ipi ya msingi, msingi gani wa ramani, kanda gani. Mpima aanze na kumaliza siku kwa kupima mstari mmoja kati ya bikoni mbili zinazojulikana, na asome kila pembe kwa nyuso mbili za darubini. Hayo hayahitaji fedha ya kigeni, yanahitaji dakika kumi na nidhamu ya kazi. Na bikoni isichimbiwe kabla majirani wa pande zote hawajasimama mahali pale, wakaona, wakatia sahihi au dole gumba.

Walimu nao wana sehemu yao. Shule nyingi hazijui bikoni zake ziko wapi mpaka siku jirani anapojenga. Mwalimu wa jiografia anaweza kuwatoa wanafunzi darasani kwa saa moja wakazitafuta, wakapima kwa utepe umbali kati yake, na kuandika matokeo katika kitabu cha shule, pamoja na maelezo ya zile sentimita 20 ambazo si wizi. Babati inaweza kuanza na shule za mjini kabla ya mvua za masika kufunika alama kwa majani, na orodha ya bikoni zilizopatikana na zilizopotea ibandikwe katika ofisi ya kila kata, ambapo mwananchi yeyote anaweza kuisoma bila kuomba kibali.