Mzazi Apewe Joto, Jiko Libaki Nje

Wachoma mkaa wa Handeni wanajua jambo moja kuhusu moto ambalo nasi tunaonunua magunia yao twapaswa kulijua. Magogo yakishapangwa hufunikwa kwa nyasi na udongo, yakaachwa matundu machache tu. Hewa ikiingia kwa wingi, kuni huishia kuwa majivu. Ikibanwa, huwa mkaa. Basi kasi ya moto, na kile unachokizaa, hutegemea hewa inayoufikia.

Kanuni hiyo hutufuata hadi majumbani. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Gramu 12 za kaboni zikiungua kikamilifu hutoa joto la kilojuli 394 hivi, pamoja na gesi ya kaboni dayoksaidi. Zikiishia kuwa kaboni monoksaidi kwa uhaba wa oksijeni, joto lake ni kilojuli 111 hivi tu, na gesi hiyo ni sumu. Anayeubana moto hupata joto pungufu, na sumu juu yake.

Wako miongoni mwetu, Handeni na Korogwe, na hasa huko milimani Bungu wakati wa baridi, wanaomwekea mzazi jiko la mkaa chumbani katika siku zake 40, kisha wakafunga mlango na madirisha. Nia ni njema, lakini chumba kimegeuzwa tanuri.

Wengine hungoja moshi uishe ndipo waliingize jiko, wakidhani makaa mekundu ni salama. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na makaa hayo mekundu ndiyo yanayoitoa. Wengine huyafunika kwa majivu. Majivu hupunguza kasi ya moto, hayauzimi. Makaa huendelea kuungua polepole usiku kucha, watu wakiwa usingizini.

Sumu hii hushikamana na damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mzazi aweza kudhani ni uchovu wa uzazi. Na mtoto mchanga hana ulimi wa kusema.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na wenyewe wakiwamo. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alionya kuwa moto ni adui yetu, akaamrisha uzimwe tunapolala. Agizo hilo latosha hata kwa asiyesoma kemia.

Kwa hiyo, kina bibi na mashangazi mnaowahudumia wazazi, maji ya kukanda yachemshwe nje. Mzazi apewe blanketi na nguo nzito, na mtoto apate joto la kifua cha mama yake. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kulihalalisha jiko chumbani. Akikutwa mtu amelegea, atolewe nje upesi apate hewa safi, kisha apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayaiondoi sumu hii, na kumnywesha aliyezimia ni kumhatarisha zaidi.

Ada ya kumpa mzazi joto ni ada ya huruma, tuidumishe. Jiko ndilo lisivuke kizingiti. Allah azihifadhi familia zetu. Amin.