Pumzi Nayo Ipimwe

Mnamo Septemba 2025 mji wa Kigali ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ambayo hayajapata kufanyika katika bara la Afrika kabla ya hapo. Mwaka mmoja nyuma, 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kuvikwa fulana ya kijani. Kisingizio kwamba mchezo huu si wa Waafrika kimekwisha.

Swali lililobaki ni letu sisi wa Dodoma na kanda ya kati. Vijana wetu wanaobeba mkaa na madumu ya maji kwa baiskeli, nani amepima pumzi zao? Kijana akiteuliwa kwa sifa za mdomo, au kwa uzuri wa baiskeli yake, haki haijatendeka. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Pumzi ni mali.

Wataalamu hupima kiasi cha oksijeni ambacho mwili waweza kukitumia kwa dakika moja mtu anapofikia ukomo wa nguvu zake. Mazoezi ya ustahimilivu hukuza uwezo huo: moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na vishipa vidogo huongezeka katika misuli. Ndiyo maana aliyejizoeza hupanda kilima kile kile kwa mapigo machache ya moyo kuliko awali.

Katika utafiti uitwao HERITAGE, uliofanyika Marekani na Kanada miaka ya 1990, watu wasiozoea mazoezi waliendesha baiskeli zisizotembea kwa wiki 20. Kwa wastani uwezo wao uliongezeka kwa mililita 400 hivi za oksijeni kwa dakika. Lakini wapo ambao hawakuongeza karibu chochote, na wapo waliozidi lita nzima. Basi kijana asilinganishwe na jirani yake tu. Alinganishwe pia na nafsi yake ya jana. Anayeonekana dhaifu leo asiachwe kabla hajapewa miezi ya kujizoeza.

Wala tusijidanganye kwamba mwinuko wa nchi yetu utatufanyia kazi. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Asmara imepita mita 2,300. Kwetu sisi, jasho ndilo litakaloamua.

Hatuna budi kuanza na tulicho nacho: saa, daftari na kipande cha barabara yenye mwinuko kilichopimwa urefu wake. Upimaji ufanyike alfajiri, kabla upepo wa kiangazi haujaamka, kwa baiskeli ile ile iliyojazwa upepo vilevile. Iandikwe dakika alizotumia kijana kupanda, na mapigo ya moyo wake dakika moja baada ya kufika. Kila asubuhi ahesabu mapigo yake kabla ya kutoka kitandani. Baada ya wiki nane vipimo virudiwe, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Tunatoa wito kwa maofisa michezo wa mkoa na wilaya, walimu na vilabu: kazi hii ianze kiangazi kijacho, na ianze na wabeba mkaa. Mtoto wa maskini hana wa kumsemea. Daftari litamsemea.