Mchaichai wa Uani

Masika yameingia, na jikoni kwetu chai imebadilika bila ya mtu kutoa amri. Juma lililopita tulikuwa bado tukinywa chai ya rangi nyepesi, yenye mchaichai na tone la ndimu, kama ilivyo desturi yetu siku za joto la kaskazi. Juzi mvua ilipopiga mabati tangu alfajiri, tulijikuta tunatwanga tangawizi na pilipili manga. Kikifika kipupwe, inshaallah, itakuwa zamu ya maziwa, iliki na mdalasini. Wapo wasemao kwamba Pwani haina majira, ila joto na joto zaidi. Hao hawajapata kukaa uani.

Sisi tulifundishwa kukaa uani na mama yetu, naye alifundishwa na eda.

Baba alifariki miaka kadhaa iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, mwezi wa Machi, wakati ambapo hata kivulini hapakaliki. Yeye ndiye aliyekuwa mpanzi wa nyumba. Bustani yenyewe haikuwa kubwa: madebe ya mafuta ya kupikia yaliyotobolewa chini, karai lililovuja na ndoo mbili zilizopasuka. Mlikuwa na rehani, nanaa, asumini iliyotambaa ukutani, na katika debe kubwa kuliko yote, mchaichai. Majani ya chai hututokea mbali, Kericho na Limuru, na karafuu hutoka Pemba. Mchaichai ndio uliokuwa wetu wenyewe, na baba hakuchoka kuwakumbusha wageni jambo hilo.

Siku za matanga watu walikuwa wengi, nao waliokuja kutupa pole hawaachwi bila chai. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja lakini anajijua, alichukua kisu akaukata mchaichai wote hadi usawa wa udongo, akautia katika sufuria kubwa. Mchaichai hukatwa vidole vitatu au vinne juu ya udongo ili shina lipate kuchipua. Ukikatwa chini mno, na jua likiwa kali, huenda usiinuke tena. Siku ya tatu wageni walipopungua, mama alitoka uani akaliona debe. Alilia kilio ambacho hatukukisikia hata siku ya maziko.

Eda ya mjane, kama mjuavyo, ni miezi 4 na siku 10. Mama alikuwa mtu wa watu: arusini yuko, hitimani yuko, Marikiti wauzaji wanamjua kwa sauti. Ghafla dunia yake ikawa vyumba vitatu na ua. Hakuweza kuvaa kikuba wala kujitia manukato, na asumini nayo, kana kwamba imekusudia, ilichanua mwezi ule kuliko mwaka wowote tunaoukumbuka. Kila alasiri aliwaita wasichana wa jirani waje wachume matumba kabla hayajafunguka. “Chukueni, wanangu, mkavae nyinyi,” akiwaambia, kisha akigeuka upande wa pili.

Shida ilikuwa maji. Kisima cha mtaa wetu kina chumvi, nayo huchoma ncha za majani zikawa kahawia. Maji ya mfereji yalikuja kwa kudura, na ya mkokoteni hununuliwa kwa mtungi, hayamwagwi ovyo. Basi mama akaanza kutawadha juu ya beseni, na maji ya udhu wake akiyamimina debeni, mara tano kwa siku. Tulimwambia kwamba mchaichai ule umekwisha kufa. “Sijauuliza,” akajibu.

Mvua za Aprili zilipoanza tulitega kila chombo chini ya michirizi. Nanaa ilioza, kwa kuwa haipendi kusimama majini na hakuna aliyekumbuka kuisogeza, hiyo tuliipoteza. Rehani ilitoa vishada vya maua na mama akavikata, kwani ikiachwa kuzaa mbegu hupunguza majani. Hadi asubuhi moja ya Mei, alipotuita kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu Machi. Katikati ya visiki vilivyokauka palikuwa na vichipukizi viwili, vyembamba kama sindano.

Hatukuvigusa. Masika yote tulikunywa tangawizi, na hata vikohozi vya watoto vilipoanza, hapana aliyethubutu kusogea debe lile na kisu. Mama kwa wakati huo alikuwa ameujua ua kuliko baba alivyoujua. Ndiye aliyetuonesha kwamba Juni jua huegemea upande wa kaskazini, na debe lililopigwa na jua Januari chini ya ukuta wa kaskazini sasa limo kivulini na halina budi kuhamishwa. Upepo wa kusi ulipokaza, alijua kabla yetu, kwa jinsi moshi wa jiko ulivyogeuka.

Eda ilikwisha Julai. Ndugu na majirani walijaa barazani wakimngoja. Yeye alitoka uani kwanza, akakata majani matano tu, vidole vinne juu ya udongo, akayafunga fundo na kuyatia katika chai ya maziwa. Alikumbusha mafundisho ya Mtume, rehma na amani zimshukie, kwamba kinacholiwa katika alichokipanda Muislamu huandikwa sadaka yake. Basi wanywe, na wamuombee baba. Kikombe cha kwanza alimpa yule aliyeukata.

Juma hili, udongo ukiwa umelowa, tumeugawa mchaichai ule kwa mara nyingine. Huchomolewa shina na mizizi yake, majani yakapunguzwa, likapandwa papo hapo kabla halijanyauka. Mashina matatu yamekwenda kwa jirani yetu aliyeanza eda mwezi uliopita. Tumempelekea na beseni.