Nyumba Haiishii Ukutani

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa hali ya miji yetu leo, yafaa pia mtu atoke nje, auzunguke mtaa mzima, ndipo aseme kama nyumba ile ni njema.

Mtumishi au mwalimu anayejenga pembezoni mwa Dar es Salaam hujinyima kwa miaka mingi, tofali kwa tofali, mpaka paa likaezekwa. Akishahamia ndipo huona kuwa mtoto wake wa darasa la kwanza hana budi kuvuka barabara kuu kufuata shule, kwamba zahanati iko mbali, na kwamba maji ya mvua hayana mtaro isipokuwa ua wake. Vyumba vitatu na sebule anavyo, makazi hana.

Si lazima mambo yawe hivyo. Katika miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja vyenye huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa, zikachongwa barabara na kutandazwa mabomba ya maji, na wananchi wakagawiwa viwanja wajenge wenyewe. Manzese, ambako watu walikwisha kujenga, iliboreshwa badala ya kubomolewa. Mpaka leo mgeni afikaye Sinza huona mitaa iliyonyooka. Hilo halikuletwa na utajiri wa wakazi wake wa kwanza, bali na utaratibu: ramani ilitangulia, nyumba ikafuata.

Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulikuwa na nia njema kama hiyo. Hata hivyo, kupima kiwanja ni jambo moja na kufikisha huduma ni jambo jingine. Katika maeneo kadhaa wakazi walitangulia. Maji, barabara na shule vikachelewa.

Lakini hatari kubwa zaidi ni kumegwa kwa maeneo ya wazi. Uwanja uliochorwa kwenye ramani ili watoto wacheze huota kibanda, kisha ukuta, hatimaye hati. Hati haiandikwi na upepo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haimruhusu mtu kubadili matumizi ya ardhi bila kibali cha mamlaka ya mipango. Kwa hiyo kila uwanja uliotoweka, ama yupo aliyetia saini ofisini, ama yupo aliyeona akanyamaza.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 5,300,000 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ardhi ya shule ikiisha kujengwa maduka leo, kuirudisha kesho kutahitaji fidia, kesi na machozi.

Kwa hiyo tunasisitiza mambo mawili. Kwanza, halmashauri zibandike ramani ya kila mtaa katika ofisi ya serikali ya mtaa, ili mwananchi wa kawaida ajue kipi ni cha wote. Pili, walimu wakuu wahakikishe mipaka ya shule zao imepimwa na ina hati, kabla jirani hajasogeza uzio.

Anayeulinda uwanja wa mtaa analinda nyumba yake mwenyewe. Na mtumishi anayeuuza, ajue kuwa amewauzia watoto wa wenzake barabara kuwa mahali pa kuchezea.