Ng'ombe wa mkopo Rungwe: Nani abebe hasara ndama wa kwanza akizaliwa dume?

MTU akinunua redio dukani mjini Tukuyu hupewa risiti, na mara nyingi kikaratasi cha dhamana. Akinunua mtamba mwenye mimba kwa mamilioni ya shilingi, aghalabu hupewa kamba tu. Makabidhiano hufanyika uani mbele ya majirani wawili watatu, fedha huhesabiwa, mnyama hupandishwa kwenye gari, na yale yote yaliyosemwa kuhusu mimba yake, mama yake na lita za maziwa atakazotoa hubaki hewani.

Wilayani Rungwe jambo hili si dogo. Ardhi ni finyu, watu ni wengi, na mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka. Mfugaji wa kawaida ana ng'ombe mmoja hadi watatu wa kisasa, ambao hawatoki bandani; huletewa matete, majani ya Guatemala na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa. Chai na kahawa zina misimu yake na malipo yake ya kusubiri, bali maziwa huuzwa kila siku, kwa jirani, kwa wachuuzi au kwa vituo vya kukusanyia vya wasindikaji. Mwenye ng'ombe mmoja akiuziwa mnyama asiyezaa hajapoteza sehemu ya mtaji wake. Amepoteza mtaji wote.

Mtamba hupatikana kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kununua kwa fedha, ama kwa mfugaji mwenzako, ama kwa shamba la kuzalisha mifugo kama lile la Serikali la Kitulo, wilayani Makete, ambalo kwa miaka mingi limekuwa chimbuko la damu ya Friesian katika Nyanda za Juu Kusini. Ya pili ni ile inayojulikana nchini kwa jina la kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Mfugaji hukabidhiwa mtamba bila kutoa fedha za kumnunua, naye hulipa kwa kumtoa ndama jike wa kwanza, ambaye hupewa kaya nyingine. Utaratibu huu ulienezwa duniani na shirika la Heifer la Marekani, lililosafirisha mitamba yake ya kwanza kwenda Puerto Rico mwaka 1944 na kuanza kazi Tanzania mwaka 1974. Miradi mingine ya maziwa nchini nayo imeutumia kwa sura mbalimbali.

Katika njia zote mbili, kinachouzwa au kukopeshwa si kile macho yanachokiona. Anayenunua ng'ombe wa nyama humtazama mgongo na mapaja, akakadiria kilo, biashara ikaisha. Anayenunua mtamba analipia kilichomo tumboni na kilichomo katika ukoo. Analipia ahadi. Ndiyo maana bei yake huwa kubwa kuliko ya nyama yake, na ndiyo maana ahadi hiyo isipoandikwa mnunuzi hana cha kushika.

Sheria inasemaje? Zipo mbili zinazohusika moja kwa moja: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214. Mnyama, mbele ya sheria hii ya pili, ni bidhaa. Kanuni yake ya msingi ni ya zamani na ni kali: mnunuzi ajihadhari. Sheria haimdhanii muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora, isipokuwa katika mazingira maalumu. Mojawapo ni pale mnunuzi anapomweleza muuzaji shabaha yake na kutegemea ujuzi wake, na muuzaji huyo akawa ni mtu ambaye shughuli yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Shamba la mitamba linaingia hapo bila ubishi. Jirani anayeuza ng'ombe wake mmoja ili alipe ada ya mtoto haingii kwa urahisi.

Lakini upo mlango mwingine, na huu unamhusu kila muuzaji, awe shamba la Serikali au jirani. Bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti iwe sawa na maelezo hayo. Kwa hiyo karatasi moja yenye maneno "mtamba chotara wa Friesian, mwenye mimba ya miezi mitano, aliyehimilishwa tarehe fulani" hugeuza maneno ya uani kuwa sharti la mkataba. Bila karatasi hiyo mnunuzi atalazimika kuthibitisha kwa mashahidi kile kilichosemwa miezi minne au mitano iliyopita, na mashahidi wenyewe ni majirani wa pande zote mbili.

Kimya nacho kina hukumu yake. Chini ya Sheria ya Mikataba, muuzaji anayesema uongo akijua amefanya udanganyifu, na mkataba waweza kuvunjwa. Anayenyamaza tu, kwa kawaida, hajadanganya, ila kama alikuwa na wajibu wa kusema. Mfugaji anayejua kwamba mtamba wake amepandishwa mara nne bila kushika mimba, akakaa kimya, anaweza kuondoka na fedha zake. Akiulizwa swali hilo waziwazi na jibu lake likaandikwa, mambo hubadilika kabisa.

Wanasheria wanaikumbuka sana kesi moja ya ng'ombe iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan, Marekani, mwaka 1887. Hiram Walker alikubali kumuuzia Theodore Sherwood, mtu wa benki, ng'ombe wa ukoo bora aliyeitwa Rose wa Pili wa Aberlone. Bei ilikuwa ya nyama, senti tano na nusu kwa kila ratili, jumla kama dola 80, kwa sababu ng'ombe huyo alidhaniwa kuwa tasa. Kabla ya kukabidhiwa ikagundulika ana mimba, na thamani yake ikawa kati ya dola 750 na 1,000. Walker akakataa kumtoa. Wengi wa majaji waliona kwamba ng'ombe tasa na ng'ombe anayezaa ni viumbe viwili tofauti kabisa, na kwamba makubaliano yaliyojengwa juu ya kosa la pande zote mbili yaweza kutenguliwa. Sheria yetu ya Mikataba inayo kanuni inayofanana, kwamba makubaliano ni batili iwapo pande zote zilikosea kuhusu jambo la msingi. Tofauti ni kwamba Rose alikuwa na watu wenye mawakili. Mfugaji wa Kiwira au Masoko hana.

Msomaji wa mjini aliyewahi kununua mbwa wa ulinzi wa mbegu ya German Shepherd huenda akalielewa tatizo hili kwa haraka zaidi. Wazalishaji wa mbwa wa maonyesho, kwa mfano Uingereza, wamezoea kuandika kila kitu: mnunuzi ampeleke mnyama kwa daktari ndani ya siku chache, na akikutwa na ugonjwa arudishwe, mifupa ya nyonga ya wazazi iwe imepigwa picha, mbwa akishindwa kutunzwa arudi kwa aliyemzalisha, na, kama jike limetolewa kwa bei nafuu, mzalishaji apewe mtoto mmoja wa uzao wa kwanza. Klabu ya mbwa ya nchi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1873, humruhusu mzalishaji kuweka zuio ili watoto wa mbwa aliyemuuza wasisajiliwe, lakini inataka mnunuzi awe ametia saini kwamba alielezwa jambo hilo kabla ya kukabidhiwa mnyama.

Sharti la mtoto wa uzao wa kwanza ni ndugu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ila kuna tofauti moja kubwa. Mbwa huzaa watoto kadhaa kwa mkupuo, hivyo mzalishaji huchagua na mwenye mbwa hubaki na wengine. Ng'ombe huzaa mmoja.

Na hapo ndipo ulipo utata. Kwa kudra ya maumbile, takriban nusu ya ndama huzaliwa madume. Mfugaji ambaye ndama wake wa kwanza ni dume husubiri zaidi ya mwaka mwingine, na akipata dume tena deni linaendelea, huku jirani aliyekopeshwa siku ileile amekwisha kulipa na kuanza kujijengea kundi lake. Je, dume aweza kuuzwa na fedha zake zikahesabiwa? Je, wakizaliwa mapacha, dume na jike, jike yule atapokelewa? Swali hili la mwisho si mzaha. Jike aliyezaliwa pacha na dume huwa tasa katika zaidi ya tisa kati ya kila kumi, na kaya itakayopewa ndama huyo itamlisha miaka miwili ikisubiri kitu kisichokuja.

Kifo kina uzito zaidi. Mtamba aliyekulia baridi ya Kitulo, ambako kupe ni wachache, akishushwa kwenye maeneo yenye joto upande wa Busokelo au kuelekea Kyela anaweza kuuawa na ndigana kali. Akifa bila uzembe wa mfugaji, deni linakufa naye? Mkataba unaoorodhesha wajibu wote wa mpokeaji, tangu banda hadi majani, na usiseme neno kuhusu chanjo kabla ya makabidhiano, au kuhusu mnyama aliyefika akiwa na ugonjwa wa kutupa mimba, umempa mtu maskini hasara ambayo mtoaji ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuizuia.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, anayetoa mnyama ndiye abebe hatari zile ambazo yeye peke yake aliweza kuzijua: mimba, ukoo, chanjo, maradhi aliyokuja nayo. Anayepokea abebe zile za banda lake. Kuhusu dume, haki ni kuweka kikomo. Baada ya uzao wa pili bila jike, deni lilipwe kwa fedha kwa kiwango kilichotajwa tangu mwanzo, si kile kitakachoamuliwa kikaoni siku hiyo.

Watasema wengine kwamba karatasi zitaharibu ujirani. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu wakati mahari ya ng'ombe wa Kinyakyusa yalipohama kutoka ua mmoja hadi mwingine, na kila mtu kijijini alimjua mnyama kwa rangi na kwa mama yake. Mashahidi ndio waliokuwa mkataba. Leo mtamba anavuka mikoa akiwa na hereni sikioni, na muuzaji huenda asionekane tena.

Jambo moja linahitaji haraka kuliko mengine, nalo ni muda. Kisheria, mnunuzi anayekaa na bidhaa kwa muda wa kutosha bila kulalamika huhesabiwa kuwa ameipokea, na tangu hapo anaweza kudai fidia tu, si kumrudisha mnyama. Mtaalamu wa mifugo aliyefunzwa hupima mimba kwa mkono kuanzia miezi miwili hivi baada ya kupandishwa, na kazi yenyewe huchukua dakika chache. Inaweza kufanywa palepale uani, kabla ya fedha kuhesabiwa, na jibu lake likaandikwa kwenye karatasi ileile ya mauziano.